Edomita ya ngazi, edomita ya mwendo sare au seli ya Rowe: kipimo kipi kwa udongo upi?

Kipande cha udongo kinachopimwa kwenye edomita, mashine inayobana udongo ili kuona utakavyotitia, kina unene wa milimita 20 hivi. Kinasimama badala ya tabaka la mita nne, sita au kumi na mbili ambalo juu yake mtu anataka kujenga ghorofa, tangi la mafuta au tuta la barabara. Na muda wa kutitia hauongezeki sambamba na unene. Unaongezeka kwa mraba wa njia inayopitiwa na maji. Kipande kile kinatoa maji juu na chini, hivyo tone lililo katikati lina milimita 10 tu za kusafiri. Kwenye tabaka la mita 4 lenye mchanga juu yake na mchanga chini yake, tone la katikati lina mita 2. Njia ni ndefu mara 200, muda ni mrefu mara 40,000. Dakika 10 za maabara zinakuwa siku 277 kiwanjani. Ukisoma dakika 15 badala ya 10, umemwongezea mwenye jengo zaidi ya miezi minne ya kusubiri ardhi itulie.

Ndiyo maana siridhiki ninapopokea sampuli yenye fomu iliyoandikwa neno moja tu, "konsolidesheni", bila kusema kwa njia ipi. Njia zinazotumika sana ni tatu. Zote hubana udongo uliofungiwa ndani ya pete ili usitanuke pembeni, na zote hupima jinsi kimo chake kinavyopungua, lakini kila moja ina swali inalolijibu vizuri na lingine inalolijibu kwa kubabaisha. Nimezitumia zote tatu kwa miaka, na hapa nitaeleza ni wapi ninaichagua moja na kuiacha nyingine.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kushindilia ni kazi ya rola na nyundo: hewa inafukuzwa kwa nguvu, kwa dakika chache, na udongo unakuwa mzito. Konsolidesheni ni kazi ya uzito na subira. Udongo umejaa maji. Mzigo unapowekwa, maji ndiyo yanayoubeba kwanza, na shinikizo lake linapanda. Yanapokamuka kidogo kidogo, mzigo unahamia kwenye chembe za udongo, na ardhi inatitia. Mhandisi Karl Terzaghi aliuweka mwendo huu kwenye mlinganyo mwaka 1923, wakati akifundisha na kupima udongo Istanbul, na mpaka leo mashine zote tatu ninazozizungumzia zinasomwa kwa mlinganyo huo au mtoto wake.

Edomita ya ngazi

Hii ndiyo mashine ya wenzo ambayo karibu kila maabara ya udongo inayo. Pete ya chuma kisichoshika kutu, yenye kipenyo cha milimita 50 hadi 75, inajazwa udongo uliokatwa ukakaa barabara bila kuacha upenyo. Juu na chini kuna jiwe linalopitisha maji. Mzigo ni mawe ya mizani yanayoning'inia kwenye wenzo unaokuza uzito mara kumi hivi. Kwa pete ya milimita 50, jiwe la kilo 2 linatosha kuleta mkazo wa karibu kilopaskali (kPa) 100. Kisha unapanda ngazi kwa kuongeza maradufu: 12, 25, 50, 100, 200, 400, 800, 1600. Kila ngazi inakaa saa 24, na kimo kinasomwa sekunde ya 6, ya 15, ya 30, dakika ya 1, ya 2, ya 4, ya 8, na kuendelea hivyo mpaka kesho yake.

Nguvu ya njia hii ni kwamba kila ngazi inakupa hadithi nzima ya muda. Unaona maji yakikamuka kwa kasi mwanzoni, kisha yakipungua, kisha unaona kile kinachobaki baada ya maji kumaliza kazi yake: udongo unaendelea kunywea taratibu huku chembe zikijipanga upya, ingawa shinikizo la maji limeshaisha. Kunywea huku kwa baadaye ndiko kunakowatesa watu waliojenga juu ya udongo wenye mboji, kwa sababu hakuishi. Watafiti Mesri na Godlewski walionyesha mwaka 1977 kwamba kasi yake ina uwiano unaokaribia kudumu na mnyweo wa mzigo wenyewe: karibu 0.04 kwa udongo mfinyanzi wa kawaida, karibu 0.06 kwa udongo wa mboji. Ukipata namba iliyo mbali sana na hizo, rudia kuangalia geji kabla ya kutangaza ugunduzi.

Faida nyingine ni ya kawaida lakini si ndogo. Mashine haihitaji umeme ili kushikilia mzigo. Mawe ya mizani hayapotezi uzito usiku. Fundi mmoja anaweza kuendesha wenzo sita kwa pamoja, na mwongozo wake unajulikana kila mahali: ISO 17892-5, ASTM D2435, au BS 1377 sehemu ya 5.

Udhaifu wake wa kwanza ni siku. Ngazi nane za kupakia na tatu za kupakua ni siku kumi na moja kwa kipande kimoja. Udhaifu wa pili ndio mzito zaidi. Ukitoka kPa 100 ukaenda 200, hapo katikati hakuna kitu. Na mara nyingi hapo katikati ndipo jibu lilipo.

Jibu ninalolisema ni mkazo wa zamani, yaani mzigo mkubwa kabisa ambao udongo huo uliwahi kuubeba katika maisha yake, kabla mto haujachukua tabaka la juu au kabla maji ya ardhini hayajapanda. Udongo una kumbukumbu. Chini ya mkazo huo unanywea kidogo tu. Ukiuvuka, mnyweo unakuwa mara tano hadi kumi zaidi kwa mzigo uleule. Kwa hiyo kama jengo litauongezea udongo mzigo na kuufikisha kPa 140, na mkazo wa zamani ni 160, sakafu itashuka milimita chache. Kama mkazo wa zamani ni 130, tunazungumza lugha nyingine kabisa.

Njia ya kuusoma mkazo huo kwenye grafu ya mnyweo dhidi ya mkazo aliichora Arthur Casagrande mwaka 1936: unatafuta mahali ambapo grafu imepinda zaidi, unachora mstari unaogusa hapo, unagawa pembe, unakutana na mstari wa chini. Ni njia nzuri, lakini inaanza na jicho. Nukta zikiwa nane tu, mafundi wawili makini wanaweza kukupa namba zinazotofautiana kwa kPa 30, na hakuna aliyekosea. Dawa ni kuweka ngazi fupi karibu na mahali unapotarajia mpindo, tuseme 75, 100, 125, 150. Unapata mpindo ulio wazi zaidi, ila unalipa: mzigo unapoongezwa kidogo, grafu ya muda inapoteza umbo lake na kasi ya kukamuka inakuwa ngumu kusoma. Mimi huongeza ngazi fupi kwenye mpindo, kisha narudi kwenye maradufu baada ya kuuvuka, na kasi ninaisoma huko juu na huko chini.

Hata kuisoma kasi kuna njia mbili, na watu hubishana. Ya Casagrande huchora muda kwa logi na kutafuta nusu ya safari, ambapo kipengele cha muda, yaani namba ya muda katika mlinganyo wa Terzaghi, ni 0.197. Ya Donald Taylor huchora kipeuo cha pili cha muda na kutafuta asilimia 90, ambapo kipengele ni 0.848. Ya Taylor inaishi kwa dakika za mwanzo; kama geji ilisomwa kwa kuchelewa au mzigo uliwekwa kwa kishindo, imeharibika. Ya Casagrande inahitaji umbo la herufi S na usiku mzima wa kusubiri. Kwa kawaida ya Taylor hutoa kasi kubwa kidogo. Kwa udongo mfinyanzi wa kawaida mimi huzitumia zote mbili, na zikitofautiana zaidi ya maradufu natafuta sababu kwenye kipande chenyewe. Kwa udongo wa mboji umbo la S mara nyingi halitokei kabisa, na anayelazimisha kuliona anajidanganya.

Edomita ya mwendo sare

Kwenye fomu za maabara hii huandikwa CRS, kifupi cha Kiingereza cha "constant rate of strain". Badala ya kuongeza mzigo kwa ngazi, mota inabana kipande kwa mwendo usiobadilika, na sensa zinaandika mambo matatu kila baada ya sekunde chache: mzigo, kimo, na shinikizo la maji chini ya kipande. Maji yanaruhusiwa kutoka juu tu. Chini kumefungwa, na hapo ndipo sensa ya shinikizo inapokaa. Kabla ya kuanza, maji ndani ya seli huwekwa chini ya shinikizo ili hewa iliyobaki iyeyuke, maana kiputo kimoja cha hewa karibu na sensa kinaweza kuficha ukweli wote. Mwongozo wake maarufu ni ASTM D4186.

Tofauti utakayoiona kwanza ni grafu. Mahali pa nukta nane, una mstari uliokamilika, wenye mamia ya nukta, na mpindo wa mkazo wa zamani unaonekana bila kubahatisha. Kasi ya kukamuka na urahisi wa maji kupita unavipata mfululizo kwa kila mkazo. Tena unamaliza mapema: ukibana kwa asilimia 1 ya kimo kwa saa mpaka asilimia 20, ni saa 20. Hata kwa nusu ya mwendo huo ni saa 40. Linganisha na siku kumi na moja.

Lakini mwendo ndio roho ya kipimo hiki, na ndiko kunakoharibikia. Ukibana polepole mno, shinikizo la maji chini haliinuki kiasi cha kusomeka, na kasi ya kukamuka inakuwa kelele tupu. Ukibana haraka mno, shinikizo linapanda sana, na kipande kinakuwa na hali mbili kwa wakati mmoja: juu kumekaza, chini kungali laini. Hesabu inadhani shinikizo limesambaa kwa umbo la parabola, ndiyo maana mkazo wa wastani huchukuliwa kuwa mzigo ukiondoa theluthi mbili za shinikizo la chini. Dhana hiyo ina mpaka. Shinikizo la chini likibaki kati ya asilimia 3 na 15 ya mzigo, ninaamini matokeo. Kwa udongo mfinyanzi laini wengi huanzia kati ya asilimia 0.5 na 1 kwa saa kisha kurekebisha. Kwa udongo mfinyanzi mzito wenye unyumbufu mkubwa huenda ukahitaji mwendo wa chini zaidi ya hapo.

Niliwahi kulipuuza hilo. Udongo ulikuwa mzito, wa kijivu, unaonata kwenye kisu kama sabuni iliyolowa, nami nikauweka kwa mwendo uleule niliotumia wiki iliyopita kwa udongo wa aina nyingine. Asubuhi grafu ilikuwa nzuri ya kupendeza, laini kama imechorwa kwa mkono. Kumbe shinikizo la chini lilikuwa limevuka asilimia 30 ya mzigo. Mkazo wa zamani ulitoka juu kupita vipande vya jirani yake, na kama tusingekuwa na sampuli ya akiba, kisima kingine cha kuchukulia sampuli kingechimbwa kwa gharama ya mteja. Tangu siku hiyo grafu ya kwanza ninayoifungua ni ya uwiano wa shinikizo. Ile ya mnyweo inafuata.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Mkazo wa zamani hutegemea kasi ya kubana. Kwa udongo mfinyanzi laini, kila kasi inapoongezeka mara kumi, mkazo unaosomwa hupanda kwa takriban asilimia 10. Edomita ya mwendo sare hubana haraka kuliko ile ya ngazi yenye saa 24, kwa hiyo namba yake hutoka juu zaidi. Hakuna kosa katika mashine. Lakini ardhi chini ya tuta hubanwa polepole kuliko mashine zote mbili, na ukiichukua namba ya mwendo sare kama ilivyo ukaipeleka kwenye usanifu, umeupa udongo sifa ambayo kiwanjani hautakuwa nayo. Kila ripoti iseme kipimo kilifanywa kwa mwendo gani. Namba ya mkazo wa zamani isiyo na kasi kando yake haijakamilika.

Na mwisho, njia hii haikuonyeshi kunywea kwa baadaye, isipokuwa uisimamishe mota na kushikilia mzigo kwa siku kadhaa. Watu wachache hufanya hivyo, kwa sababu waliichagua ili wamalize haraka.

Seli ya Rowe

Peter Rowe na Laing Barden waliieleza seli hii mwaka 1966, na sababu yake ilikuwa udongo wenyewe. Pasua sampuli ya udongo mfinyanzi wa ziwa la kale kwa urefu, iache mezani saa chache ikauke nusu. Vitaanza kujitokeza vistari vyeupe, vingine vyembamba kama karatasi. Ni mchanga. Mchanga hupoteza maji upesi kuliko mfinyanzi, kwa hiyo hubadilika rangi kwanza. Muda huo mfupi wa ukaukaji unakuonyesha njia ambazo maji yatazifuata kiwanjani, na kipande cha milimita 20 kilichokatwa katikati ya vistari viwili hakina hata kimoja. Kitakupa kasi ya mfinyanzi mtupu, na utabiri wako utasema miaka kumi mahali ambapo ardhi itamaliza kutitia kwa miwili.

Seli ya Rowe hupokea kipande kikubwa, kipenyo cha milimita 75, 150 au hata 250. Mzigo hauji kwa wenzo. Unakuja kwa maji yenye shinikizo yanayosukuma utando wa mpira ulio juu ya kipande. Hakuna wenzo wa kutetemeka, mzigo unawekwa bila kishindo, na unaweza kuamua kama uso wa juu ushuke sawasawa chini ya bamba gumu au uachwe ujipinde wenyewe. Shinikizo la maji linapimwa, hewa inayeyushwa kama kwenye mwendo sare, na kipimo cha urahisi wa maji kupita kinaweza kufanywa papo hapo bila kukitoa kipande.

Kubwa kuliko yote, unachagua maji yatokee wapi. Yanaweza kutoka juu, au yakaenda pembeni kupitia kitambaa kinachopitisha maji kilichozunguka kipande, au yakaja katikati kwenye kijishimo kilichojazwa mchanga. Kama mpango ni kuharakisha kutitia kwa kuzamisha mifereji ya wima ardhini, maji yatasafiri kwa mlalo kuelekea mifereji hiyo, na kasi ya mlalo ndiyo inayotakiwa. Edomita ya kawaida haikupi hiyo. Kuna wanaokata kipande kikiwa kimelazwa ubavu. Hilo linasaidia kiasi, ingawa unakuwa umebana udongo kwa mwelekeo ambao haukubanwa na ardhi.

Gharama yake ni muda na sampuli. Kipande cha milimita 50 kinachotoa maji upande mmoja tu kina njia ndefu mara tano kuliko kile cha milimita 20 kinachotoa pande mbili, kwa hiyo kila hatua inachukua mara 25. Dakika 20 zinakuwa zaidi ya saa 8. Kipande cha milimita 100 kinageuza dakika hizohizo 20 kuwa saa 33 kwa hatua moja. Na ili kupata kipande cha kipenyo cha milimita 250 kisichovurugwa, mrija wa kawaida wa kisima hautoshi. Unahitaji mrija mpana wa pistoni au bonge lililokatwa kwa mkono kwenye shimo. Anayeagiza seli ya Rowe baada ya kisima kuchimbwa kwa mrija mwembamba amechelewa.

Udongo mkavu ni habari nyingine

Yote niliyosema yanadhani udongo umejaa maji. Upo udongo uliokauka, wenye matundu, chembe zake zimeshikana kwa gundi dhaifu ya chumvi au mfinyanzi, unaobeba jengo vizuri kwa miaka mpaka bomba lipasuke. Maji yakifika, gundi inalegea na udongo unaporomoka ndani kwa ndani. Upo na mwingine unaofanya kinyume, unaovimba. Hapa mwendo sare na Rowe ziweke kando. Edomita ya ngazi ndiyo chaguo: unapakia kipande kikiwa na unyevu wake wa asili mpaka mzigo wa jengo, kisha unamimina maji na kuangalia geji. Jennings na Knight wa Afrika Kusini walipendekeza mwaka 1957 vipande pacha, kimoja kikiwa na unyevu wake wa asili na kingine kimeloweshwa tangu mwanzo. Umbali kati ya grafu mbili ndio hatari yenyewe. Kipimo ni rahisi, na kinaokoa majengo.

Kwa mchanga safi, usiagize hata kimoja. Kuutoa mchanga ardhini bila kuvuruga mpangilio wake karibu haiwezekani, na ukishauvuruga unapima kitu kingine. Tumia vipimo vya kiwanjani.

Sampuli kabla ya mashine

Sina budi kulisema hili kwa uzito wote: tofauti kati ya sampuli nzuri na mbovu ni kubwa kuliko tofauti kati ya mashine tatu. Udongo uliotikiswa kwenye gari, uliokaushwa na jua kwenye mrija usiofungwa nta, au uliosukumwa kutoka kwenye mrija wa kipenyo kidogo, umepoteza kumbukumbu yake. Grafu inapinda mapema na kwa ulegevu, mkazo wa zamani unashuka, mnyweo wa mwanzo unaongezeka. Mashine ya bei kubwa itakuandikia uharibifu huo kwa nukta nyingi zaidi, basi.

Njia ya kukagua ipo. Rudisha kipande kwenye mkazo uliokuwepo ardhini, kisha angalia uwiano wa vinyweleo, yaani nafasi wazi kati ya chembe zikilinganishwa na chembe zenyewe, umepungua kiasi gani, ugawe kwa uwiano wa awali. Kwa udongo laini ambao mkazo wake wa zamani haujapita maradufu ya mkazo wa sasa, jibu chini ya 0.04 ni sampuli nzuri sana. Kati ya 0.04 na 0.07 inafaa. Ikivuka 0.07 ni dhaifu, na zaidi ya 0.14 ni mbovu kabisa. Kipimo hiki kilipendekezwa na Lunne na wenzake mwaka 1997, na kinahitaji dakika tano za hesabu. Omba namba hiyo iwe kwenye ripoti.

Hata ukataji unahesabika. Ninapokata kipande, pete hutangulia kwa milimita chache tu, na kisu kinaondoa udongo mbele yake; pete haisukumwi kwa nguvu ikajikate njia yenyewe. Kokoto likijitokeza ukingoni na kuacha tundu, silizibi tundu hilo kwa udongo uliokandwa, nakata kipande kingine. Mawe ya kupitisha maji nayalowesha kwa udongo laini uliojaa maji, lakini kwa udongo unaovimba nayaweka makavu mpaka mzigo wa kwanza ukae. Jiwe kavu juu ya udongo laini hunyonya maji yake kabla hata hujaanza kupima.

Basi uchague ipi?

Kwa jengo la kawaida juu ya udongo mfinyanzi mgumu au wa wastani, ambapo mzigo mpya uko mbali chini ya mkazo wa zamani, chukua edomita ya ngazi na utulie. Hutapata faida ya maana kwa kulipia zaidi.

Kwa tuta au tangi juu ya udongo mfinyanzi laini, mahali ambapo mzigo wa mwisho unaukaribia mkazo wa zamani, mwendo sare unastahili. Ila usiuache peke yake. Mpango ninaoupenda ni vipande viwili au vitatu vya mwendo sare kwa kila tabaka ili mpindo ujulikane, na kipande kimoja cha ngazi kutoka mrija uleule, chenye ngazi moja iliyoachwa siku saba au zaidi kwenye mzigo wa kazi. Hapo mpindo wa mwendo sare unakaguliwa kwa ule wa ngazi, na kunywea kwa baadaye kunapata namba.

Kama mradi una mifereji ya wima, au sampuli iliyopasuliwa inaonyesha vistari vya mchanga, mizizi au nyufa, na ratiba ya ujenzi inategemea kasi ya kutitia, tafuta seli ya Rowe ya milimita 150 au zaidi kabla ya kuchimba. Ikikosekana, tumia edomita ya ngazi kwa kujua kiasi cha kutitia, na kasi uipate kwa kipimo cha kiwanjani cha maji kupita. Nisingekubali ratiba ya miezi kwa kutegemea kipande cha milimita 20 kilichotoka kwenye udongo wa vistari.

Udongo wa mboji ndio unaonipa kazi zaidi. Kipande kiwe kikubwa, maana uzi mmoja wa mzizi ndani ya milimita 20 unabadilisha kila kitu. Ngazi ziwe ndefu kuliko saa 24. Mwendo sare mimi siutumii hapo, kwa kuwa tatizo la mboji ni miaka ya baadaye, na hiyo ndiyo sehemu ambayo mwendo sare hauioni.

Unapojaza fomu ya maabara, andika aina ya kipimo, kina cha sampuli na mkazo uliopo ardhini kwenye kina hicho, mzigo wa mwisho wa mradi, ngazi unazozitaka au mwendo wa kubana, lini kipande kiloweshwe, na wapi upakue na kupakia tena. Taja pia kama unahitaji kunywea kwa baadaye, na kwa mzigo upi. Kisha omba vitu viwili ambavyo maabara nyingi hazitumi bila kuombwa: usomaji ghafi wa kila ngazi, na picha ya kipande kilichopasuliwa kikiwa kimekauka nusu, chenye rula pembeni.